Sarafu za kondakta: jinsi ninavyochora umakini unaoponyoka

Miezi minane sasa nahangaika na sekunde 14 za filamu yangu. Mwanamke amepanda daladala Mwenge, Dar es Salaam, gari linakwenda Posta, yeye anashukia kituo cha Morocco. Kondakta kasimama mlangoni, anachezesha sarafu kiganjani kama wafanyavyo wote, na yule mwanamke anazisikiliza. Kituo kinaitwa. Hashuki. Akija kushtuka, gari liko kwenye daraja la Salenda na bahari iko dirishani.

Filamu nzima ni dakika 6. Ni ya katuni, ya majaribio, haina hadithi inayoanza hapa na kuishia pale. Inahusu mtu mzima anayeishi na ADHD, hali ambayo kwa Kiswahili tunaiita upungufu wa umakini. Mtu huyo ni mimi. Niligundulika nikiwa na miaka 31, wakati huo nina miaka tisa katika kazi ya kuchora katuni.

Nianze na hilo jina, maana filamu imezaliwa kwenye ugomvi wangu nalo. Neno "upungufu" limetoka kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1980. Toleo la kabla yake, la 1968, lilimtazama zaidi mtoto asiyetulia mwilini: anayekimbia, anayepanda meza. Mimi sikuwa huyo. Nilikuwa mtoto wa kukaa kimya dirishani, na mtoto wa namna hiyo, hasa wa kike, hakuna anayemtilia shaka. Anaitwa mvivu tu. Mwalimu wangu mmoja aliniita akili za kuku mbele ya darasa, na jina likanifuata mpaka darasa la saba.

Ili daktari aseme mtu mzima ana hali hii, lazima dalili ziwe zilionekana kabla hajafika miaka 12. Kwa hiyo aliniomba nije na mama. Mama alikuja na ripoti zangu zote za shule ya msingi, kazitoa kwenye sanduku la bati, kazifunga kwa mpira. Darasa la tatu: "Anaweza, ila hasikilizi." Darasa la tano, mwandiko mwingine, maneno yaleyale. Daktari alizisoma moja moja bila haraka. Habari za dawa sitaziandika hapa, hizo ni za mtu na daktari wake.

Toleo la kwanza la filamu nililiharibu. Nilifanya kinachofanywa na kila mtu akitaka kuonyesha akili isiyotulia: mistari inatetemeka, picha zinapita mbio, kelele za Kariakoo zimerundikwa pamoja. Kwa kawaida mhusika akiongea, fundi wa sauti hushusha sauti za pembeni ili msikilizaji apate maneno. Mimi nilikataa. Fundi akaniambia, "Dada, hapa mtu hasikii huyu mama anasema nini." Nikamwambia aache hivyohivyo, ndivyo ilivyo kwangu.

Nikamwonyesha mama dakika mbili. Alivua miwani, akasema kichwa kinamuuma. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hivi ndivyo unavyoteseka?"

Sikuwa na jibu, maana jibu lilikuwa hapana. Kelele humchosha kila mtu, haihitaji ugonjwa. Ukiwa ndani ya hali hii, mara nyingi huoni vurugu yoyote. Unachosikia ni kitu kimoja kizuri kinachokuita kwa upole, nawe unakifuata, na hujui kwamba umeondoka. Umakini upo tele. Ninachokosa ni mkono wa kuufunga na kuufungua mlango. Filamu niliyokuwa nimetengeneza ilikuwa inamwonyesha mtazamaji mtu aliyepotea, wakati kazi yangu ni kumpoteza mtazamaji mwenyewe, taratibu, mpaka kituo kimpite naye.

Hapo ndipo nilipoacha kompyuta nikashika mkaa.

Namna ya kuchora filamu kwa mkaa kwenye karatasi moja, unafuta, unachora upya, unapiga picha kila hatua, ilijulikana sana kupitia William Kentridge wa Afrika Kusini, aliyeanza filamu zake za mkaa mwaka 1989. Mimi nimeifuata kwa sababu moja: mkaa haufutiki wote. Mkono wa kondakta ukipanda, pale ulipokuwa panabaki kivuli cha kijivu. Ukishuka, vinakuwa viwili. Mtu mwenye hali hii akisahau jambo, haliondoki likamwacha mweupe. Linabaki kama doa, anahisi kuna kitu alitakiwa kufanya, hakijui ni kipi. Doa hilo nilikuwa nalitafuta kwenye programu kwa wiki nyingi, kumbe liko gengeni kwenye kopo.

Ila mkaa wa jikoni ni mgumu, unakwaruza karatasi. Nilipata mzuri nilipoanza kuchoma mwenyewe: vijiti vikavu vyembamba ndani ya kopo la maziwa, kifuniko nimekitoboa tundu moja la kutolea moshi, juu ya jiko mpaka moshi ukatike. Vinatoka laini, vyeusi, vinafutika kwa kitambaa cha pamba.

Sasa hesabu. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani nafasi 24 za picha. Wengi wetu tunachora picha 12 kwa sekunde, kila moja inakaa fremu mbili, na jicho linaridhika. Sekunde tano za mwanzo ndani ya daladala nimezichora hivyo, picha 60. Kuanzia mwanamke anapozisikia sarafu, nabadilisha: sarafu zinapata picha mpya kila fremu, yaani 24 kwa sekunde, ilhali abiria, dirisha na mdomo wa kondakta vinabadilika kila baada ya fremu nne tu. Sekunde tisa, picha 216. Sarafu zinateleza kama maji na dunia inayobaki inakuwa nzito, ya kukwamakwama. Mtazamaji hajui kilichobadilika. Macho yake yanakwenda yenyewe.

Na sauti tukaigeuza vilevile. Safari hii fundi hakurundika kitu. Sarafu tulizirekodi karibu kabisa, za shilingi mia na mia mbili, kwenye kiganja kikavu, tukazipandisha polepole sana. Neno "Morocco" liko palepale, kwa kiwango kilekile ambacho kondakta aliitia "Makumbusho" mwanzoni. Hatukulificha hata kidogo.

Kazi hii ina adhabu yake kwa mtu kama mimi. Chini ya kamera huwezi kurudi nyuma: picha ya jana imeshafutwa ili kupata ya leo. Nikinyanyuka kunywa maji nikarudi baada ya saa moja, sikumbuki mkono ulikuwa unapanda au unashuka. Nilipoteza shoti mbili namna hiyo. Siku hizi siondoki mezani kabla ya kuandika ukutani kwa chaki: "picha 131, mkono unapanda, sarafu ya pili iko juu, kidole gumba bado." Na feni siwashi, inapeperusha vumbi la mkaa, na dirisha limefunikwa ili mwanga usibadilike. Chumba cha Sinza, mwezi wa kwanza, bila feni. Naanza baada ya adhana ya adhuhuri, na mara nyingi adhana nitakayoisikia tena ni ya magharibi. Ya alasiri imepita juu yangu. Nimeiweka na hiyo kwenye filamu.

Wiki iliyopita nilimwita mama tena. Alitazama sekunde zote 14, nikamuuliza kituo gani kimeitwa.

"Kimeitwa? Saa ngapi?"

Nikarudisha. Hakusikia. Nikarudisha tena, safari hii akafumba macho, na neno likampata. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe ulikuwa unasikiliza."

Imebaki shoti ya Salenda. Naitaka bahari ikiwa imekupwa, matope yameachwa wazi na ndege wamesimama, kwa hiyo kesho naamka alfajiri nikachore pale darajani kabla foleni haijaanza.