Ukienda Namibia, hesabu kwanza mafuta ndo uhesabu vivutio

Wageni wangu wengi wakishaangalia ramani wananiambia "tutaanza Sossusvlei, mchana Swakopmund, usiku tulale Etosha", mi nacheka tu. Sossusvlei iko kwenye milima ya mchanga ya jangwani, Swakopmund ni mji wa pwani, Etosha ni hifadhi ya wanyama kaskazini, na zote ziko mbalimbali. Jamani, Namibia ni ndogo kidogo tu kuliko Tanzania, km za mraba kama 825,000 hivi, ila watu wake wote ni milioni 3, yani hata Dar peke yake inawazidi! Kwahiyo unaendesha masaa mawili hujapishana na gari, sheli ukiiona jaza tenki hata kama bado una nusu, usiseme ntajaza mbele, huko mbele kuna mchanga tu.

Barabara kuu zina lami nzuri sana, nyingine nyingi ni changarawe, na hapo ndo wageni wanapopinduka. Wanaona imenyooka, haina gari, wanakanyaga 120, kona ikija tairi linateleza kama umemwaga karanga sakafuni. Mi sipiti 80, na nabeba spea mbili. Pancha mbili kwa siku imeshanikuta, na jua lile halina kivuli.

Sasa Sossusvlei penyewe. Lala Sesriem, penye geti la kuingilia hifadhini, likifunguliwa alfajiri uwe pale, maana ikifika saa nne mchanga unaunguza nyayo. Hapo jirani kuna Deadvlei, bonde kavu ambalo miti yake ilikufa miaka zaidi ya 600 iliyopita na mpaka leo imesimama, myeusi, haiozi kwasababu hewa ni kavu mno. Nimeenda sijui mara ngapi na bado nikifika pale naongea kwa kunong'ona, sijui kwanini.

Kitu kingine watu hawaamini ni baridi. Bahari ya kule ina mkondo wa baridi wa Benguela, ndo unaozuia mvua, badala yake unaleta ukungu, Swakopmund unaweza kuamka asubuhi usione nyumba ya jirani, tena uko jangwani! Beba sweta, hasa Juni na Julai.

Halafu mji mkuu, Windhoek, nenda mtaa wa Katutura ukale kapana, nyama inachomwa mbele yako unachovya kwenye pilipili. Ukisema umetoka Tanzania mzee mmoja lazima akuulize Kongwa, ile ya Dodoma, wapigania uhuru wao wa chama cha SWAPO walikuwa na kambi pale miaka ya 60. Mi niliulizwa hivyo, na Kongwa yenyewe sijawahi kufika, aibu niliyoipata acha tu.