Ndani ya Nguzo za Noto

Mgeni akiingia Noto jioni, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Sicily nchini Italia, ataukuta mji mzima umekuwa na rangi ya asali. Ni mawe ya chokaa ya huko yakipigwa na jua la magharibi. Watu husimama chini ya jumba la Nicolaci wakitazama simba, farasi na nguva waliochongwa kubeba roshani zake. Sisi wahifadhi wa majengo ya kale tuna tabia moja isiyopendeza: kabla ya kusifu nakshi, tunagonga ukuta tusikie kilichomo ndani.

Kabla ya 1693 mji huu haukuwa hapa. Januari 9 mwaka huo ardhi ilitikisika, na siku mbili baadaye likaja tetemeko lenyewe, linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4. Watu wapatao 60,000 walikufa. Mji wa Catania, ambao mwaka 1669 ulikuwa umefikiwa na lava ya mlima Etna, ulipoteza takriban theluthi mbili ya wakazi wake.

Sicily ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania, na kazi ya kujenga upya akapewa Giuseppe Lanza, mkabaila wa Camastra. Swali la kwanza lilikuwa kubaki au kuhama. Noto ulihama: magofu yakaachwa juu ya mlima Alveria, mji mpya ukajengwa kiasi cha kilomita 8 kutoka hapo. Grammichele ulichorwa kwa umbo la pembe sita kuzunguka uwanja mmoja. Ragusa hawakuelewana. Baadhi walipanda kujenga juu kwenye uwanda, wengine wakang'ang'ania Ibla, mahali pa zamani, na pande hizo mbili hazikuunganishwa kuwa mji mmoja hadi 1926. Anayejua ugomvi wa viwanja hatashangaa.

Catania ulipata barabara pana zilizonyooka na viwanja vikubwa, ili siku nyingine watu wapate pa kukimbilia. Humo msanifu majengo Giovanni Battista Vaccarini alichanganya lava nyeusi na chokaa nyeupe, na tembo wa kale wa lava aliyemweka juu ya chemchemi bado amesimama uwanjani. Rosario Gagliardi naye alilichora kanisa la San Giorgio la Ibla, ambalo uso wake umefura katikati kama tanga lililoshika upepo. Huo ndio mtindo wa baroko: jiwe linafanywa lionekane linatembea. Mwaka 2002 UNESCO iliiingiza miji minane ya Val di Noto, yaani eneo hili la kusini-mashariki mwa Sicily, katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Lakini miaka sita kabla ya hapo, usiku wa Machi 13, 1996, kuba la Kanisa Kuu la San Nicolò mjini Noto lilianguka pamoja na sehemu kubwa ya paa. Hakukuwa na mtu ndani. Tetemeko la Desemba 1990 lilikuwa limelidhoofisha jengo, na katika miaka ya 1950 paa la mbao lilikuwa limeondolewa likawekwa la zege, zito zaidi. Ila ugonjwa wenyewe ulikuwa wa siku nyingi. Nguzo zilivikwa mawe yaliyochongwa vizuri, na katikati zikajazwa vifusi na kokoto za mtoni kwa chokaa dhaifu. Uzito ulipozidi, ganda na kiini havikushikana. Nyufa zilikuwapo, zimefunikwa kwa lipu.

Waashi wa Lamu wangelielewa jambo hilo bila kuchorewa: ukuta wa mawe na chokaa hupumua na kujongea kidogo, na zege haina subira hiyo.

Kanisa lilifunguliwa tena Juni 2007. Halikujengwa kwa zege. Mafundi walirudia mawe ya chokaa, safari hii yakiwa yamechongwa na kupangwa hadi katikati ya nguzo. Nguzo za kushoto hazikuwa zimeanguka, lakini zilipopimwa zikakutwa na kokoto zilezile, nazo zikabomolewa na kujengwa upya.