Majina kwenye lebo: jinsi ninavyozisoma santuri ndogo za Dodoma

Watu wengi wanaoniletea santuri za wazee wao hapa Dodoma huanza kwa kuniomba radhi: zimekwaruzika, zimeandikwaandikwa kwa kalamu, nyingine kava zake zimeliwa na mchwa. Mimi ndizo hizo ninazozitafuta. Ninakusanya santuri ndogo na kutengeneza vyombo vya kuzipigia, na msimamo wangu ni kwamba santuri ya aina hii ina kumbukumbu mbili zilizoshikamana, ya bendi iliyorekodi na ya mwenyewe aliyeinunua na kuipiga, kwa hiyo mkusanyaji anayeijali ile ya kwanza tu ameiacha nusu ya mali mlangoni alikoitolea.

Santuri ya inchi 7 yenye kuzunguka mara 45 kwa dakika ilitolewa na kampuni ya RCA Victor ya Marekani mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya Columbia kutoa ile kubwa ya mizunguko 33 na theluthi. Ilikuwa nyepesi, haikuvunjika ovyo kama zile za mizunguko 78, na ilibebeka kwenye mkoba. Kasoro yake ilikuwa muda. Upande mmoja huchukua vizuri kiasi cha dakika 3 hadi 5. Ukilazimisha zaidi, mifuo inayopitiwa na sindano hubidi isongamane na sauti ipunguzwe, na kadiri sindano inavyosogea katikati, ambako mzunguko ni mfupi, ndivyo sauti inavyozidi kupoteza ung'avu.

Muziki wetu wa dansi haukutungwa kwa kipimo hicho. Wimbo ulianza taratibu, ukasimulia kisa chake kwa beti, kisha ukaingia kwenye chemko, magitaa yakajibizana na wachezaji wakamwaga jasho. Dawa iliyopatikana ni kuukata wimbo mmoja sehemu mbili: kisa upande wa kwanza, chemko upande wa pili, na katikati yake mtu anainuka kuigeuza santuri. Ninamfahamu mzee mmoja wa Makole ambaye hata akiusikia wimbo wa aina hiyo redioni, ukiwa mzima bila kukatwa, hunyamaza palepale ulipokuwa ukififia kwenye santuri yake, kisha huendelea kuimba. Kwa sababu hiyo, ninapozihamishia nyimbo kwenye kompyuta siziunganishi sehemu mbili kuwa moja, ingawa vijana wanaonisaidia huniona mkaidi.

Ili kuelewa kwa nini santuri hizi zipo kwa wingi katika nyumba nyingine na hazipo kabisa katika nyingine, inafaa kukumbuka kwamba Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilirekodi kwenye studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, lakini kazi hizo zilibaki kwenye kanda kwa ajili ya kurushwa hewani. Ili wimbo uwe santuri, safari iliishia Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo ilibanwa, na ulipofunguliwa tena mwaka 1983 kaseti zilikuwa zimekwisha kushika soko. Masanduku ninayofunguliwa hapa Dodoma, Kongwa na Mpwapwa hunionyesha jambo hilo waziwazi: yamejaa nyimbo za mwisho wa miaka ya 1960 na za miaka ya 1970, halafu ghafla hakuna kitu.

Lebo nyingi hazina mwaka, hivyo umri wa santuri huutafuta kwa historia ya bendi. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, naye alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Basi jina la bendi lililo chini ya jina lake linatosha kukuambia uko upande gani wa mwaka 1973. Santuri ya Cuban Marimba inayomtaja Salum Abdallah kuwa mwimbaji ilirekodiwa kabla ya kifo chake cha mwaka 1965. NUTA Jazz iligeuka kuwa Juwata mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa sisi wa huku, Afro 70 ya Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, ina nafasi yake ya pekee, na ninakiri kwamba sina usawa ninapoona jina lake kwenye lebo: nikiikuta santuri yake hata iliyopinda kama sinia la uchaga, naichukua.

Mikwaruzo nayo husomeka. Mifuo iliyosagika hugeuka rangi, weusi wake unafifia na kuwa kijivu, na ukiishika santuri mshazari dhidi ya mwanga wa dirisha utaona kijivu hicho kimeanzia wapi na kimeishia wapi. Katika santuri za nyumba zilizokuwa na shughuli nyingi, upande wa chemko ndio uliochakaa, ilhali upande wa kisa bado unang'aa. Kwa mtu aliyekuwa akisikiliza peke yake jioni, mambo huwa kinyume. Kuna pia msagiko unaotokana na uzito: sindano ilipokuwa ikirukaruka, watu waliweka sarafu juu ya kichwa chake ili itulie, na nimeshafungua chombo ambacho senti hamsini yenye picha ya sungura ilikuwa bado imebandikwa hapo kwa plasta. Wimbo haukuruka tena, lakini kila ulipopigwa, sindano ilichonga mifuo. Sarafu ile sikuitupa; imo kwenye bahasha pamoja na santuri za nyumba hiyo.

Yapo mambo ambayo santuri haiwezi kuyaonyesha na ambayo lazima uulize. Vijijini walitumia vyombo vya mawe, yaani betri, na mawe yalipochoka wimbo ulipunguza mwendo, sauti ya mwimbaji ikawa nzito. Yalianikwa juani ili yapate nguvu kidogo, yakarudishwa. Mama mmoja wa Bahi aliposikia kwangu wimbo wa ujana wake kwa mwendo sahihi, alisema huyo si mwimbaji aliyekuwa akimjua, maana wa kwao alikuwa na sauti ya mtu mzima. Nimeyaandika maneno hayo kwenye kadi ya santuri hiyo, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kujua kwamba wimbo ule ulisikika hivyo katika ua wa nyumba yake.

Kisha kuna maandishi. Wenye santuri waliandika kwenye lebo majina yao, kazi zao na vituo vyao, maana santuri zilikuwa zikiazimwa kwa ajili ya harusi na kipaimara na kila mtu alitaka yake irudi. Kwa kuwa Dodoma iko kwenye Reli ya Kati, maandishi hayo yananionyesha wafanyakazi wa reli, wauguzi na walimu waliohamishwa na mali zao. Ninayo moja iliyoandikwa kwa wino wa bluu «Chuo cha Ualimu Mpwapwa», jina la kwanza limekatwa kwa mstari mmoja na la pili limeandikwa pembeni kwa mwandiko wa mtu mwingine. Iliuzwa? Iliachwa kama zawadi? Aliyeniletea, binti wa mwenye jina la pili, alinitahadharisha: «Mwanangu, hapo usipasugue.» Nilimwambia, «Shikamoo mama, hata nisingethubutu.»

Kwa hiyo ninaposafisha, lebo haiguswi na maji. Naifunika kwa kifuniko cha mpira, kisha naosha mifuo kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yenye tone la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini kinachofuata mzunguko na si kukata katikati. Spiriti ninaikataza kabisa kwa yeyote mwenye zile za zamani za mizunguko 78, kwa kuwa shelaki, gundi ya wadudu zilimotengenezwa, huyeyuka ndani ya spiriti. Na zisipigwe kwa sindano ileile: mifuo yake ni mipana, inahitaji sindano yenye ncha nene karibu mara tatu.

Hali ya hewa yetu inasaidia na inaumiza. Ukavu unazuia kuvu inayoharibu santuri za Tanga na Dar es Salaam. Vumbi la kiangazi, hata hivyo, huingia mpaka ndani ya kava, na joto la chini ya bati hulainisha plastiki, hasa zikiwa zimelazwa zikakandamizana ndani ya sanduku la bati uvunguni. Zisimamishwe wima, mbali na ukuta wa magharibi, kwenye meza au rafu ya chuma kwa kuhofia mchwa.

Siku hizi wapo wanunuzi, baadhi yao kutoka Ulaya, wanaopita kutafuta santuri za Afrika Mashariki, nao hutaka safi zisizo na maandishi. Sina ugomvi nao. Shida yangu ni familia zinazouza sanduku kwa kuchagua, zile nzuri zikaondoka na zile zenye majina zikatupwa. Mnaoniletea, nawaomba mlete sanduku zima bila kulipanga, maana mpangilio wa mwenyewe nao ninauandika: ipi ilikuwa mbele, ipi ilikuwa na kava ya wimbo mwingine. Aje pia mtu anayekumbuka, hata kama ni mpwa aliyekuwa mtoto tu akitumwa kugeuza upande, na aje asubuhi, kabla umeme wa mtaa wetu haujaanza kuyumba na kuuvuruga mwendo wa chombo.