Usanidi wa draiva ya USB ya programu katika mikrokontrola: maana yake

Mikrokontrola (chipu moja iliyo kompyuta ndogo kabisa) nyingi ndogo hazina sakiti ya USB ndani yake. Chipu kama ATtiny85, yenye miguu minane, kilobaiti 8 za kumbukumbu ya flashi na baiti 512 tu za RAM, haikuundwa izungumze na kompyuta kwa waya wa USB. Hata hivyo inaweza kufanya hivyo, kwa sababu kazi ya sakiti inayokosekana inaweza kukabidhiwa programu. Programu hiyo ndiyo draiva ya USB ya programu. Kuisanidi ni kuieleza, kabla haijatafsiriwa kuwa lugha ya mashine, mambo ambayo haina njia ya kuyagundua yenyewe: nyaya za USB zimeungwa kwenye miguu ipi, saa ya chipu inapiga kwa kasi gani, na kifaa kitajitambulisha vipi mbele ya kompyuta.

Neno draiva linaweza kumpotosha msomaji. Tumezoea kuita draiva ile programu inayowekwa kwenye kompyuta ili itambue printa au skana. Draiva inayozungumziwa hapa hukaa upande wa pili wa waya, ndani ya chipu yenyewe, na kazi yake ni kuigiza maunzi ambayo chipu haina. Inayojulikana zaidi ni V-USB, ambayo zamani iliitwa AVR-USB na ilitengenezwa na kampuni ya Objective Development ya Austria kwa ajili ya chipu za AVR, familia ambayo ATtiny85 imo. Inatosha kwenye chipu yenye kilobaiti 2 za flashi na baiti 128 za RAM, mradi saa yake isipungue megahezi 12. Usanidi wake wote umo katika faili moja, usbconfig.h, ambalo mtumiaji hulinakili kutoka katika faili la mfano na kulijaza kulingana na sakiti yake, na ndilo litakalotumiwa hapa kufafanua dhana yenyewe.

Ugumu wa usanidi huu unatokana na hesabu ndogo. USB ya kasi ya chini hupitisha biti milioni 1.5 kwa sekunde, kwa hiyo chipu ya megahezi 12 hupata mapigo 8 tu ya saa kwa kila biti. Ndani ya mapigo hayo manane ni lazima isome hali ya waya, iilinganishe na hali iliyotangulia (USB huandika sifuri kwa kubadilisha hali ya waya, na moja kwa kuiacha ilivyo), itupe biti ya ziada ambayo mtumaji huichomeka kila baada ya moja sita mfululizo, kisha ihifadhi baiti iliyokamilika. Hakuna pigo la kupoteza. Ndiyo maana waandishi wa draiva walihesabu amri moja moja na kuandika asembli (programu ya amri za chipu zenyewe) tofauti kwa kila kasi ya saa inayokubalika: megahezi 12, 12.8, 15, 16, 16.5, 18 na 20.

Kutokana na hayo, mstari wa USB_CFG_CLOCK_KHZ haubadilishi kasi ya chipu hata kidogo. Huchagua tu ni asembli ipi itakayotumika. Kasi halisi huamuliwa na kristali (kijenzi cha nje kinachotoa mapigo ya saa) pamoja na biti za fyuzi (mipangilio inayohifadhiwa ndani ya chipu), na mstari huo unapaswa kusema ukweli kuhusu uamuzi huo. Nadhani hapa ndipo wanaoanza hukwama zaidi, kwa kuwa huandika kasi wanayoitamani badala ya ile waliyo nayo. Ukiandika kasi isiyo katika orodha, programu hukataa kutafsiriwa na kosa huonekana mara moja. Ukiandika kasi iliyo katika orodha lakini si ya kweli, kila kitu hutafsiriwa vizuri, kisha kompyuta hutangaza kwamba kifaa hakitambuliki bila kueleza sababu. Kasi za megahezi 12.8 na 16.5 zina hadhi ya pekee: zinavumilia kupotoka kwa takriban asilimia 1, na hivyo zinaruhusu chipu itumie saa yake ya ndani bila kristali, baada ya kuirekebisha kwa kuilinganisha na ishara ambazo kompyuta hutuma kila milisekunde. Ndivyo ATtiny85 inavyoweza kubaki na miguu ya kutosha kwa kazi nyingine.

Kuhusu miguu, mistari mitatu ndiyo ya msingi: jina la poti (kundi la miguu inayosomwa pamoja), namba ya biti ya D− na namba ya biti ya D+, yaani nyaya mbili za data za USB. Nyaya zote mbili lazima ziwe kwenye poti moja, kwa kuwa draiva huzisoma kwa amri moja. Isitoshe, mmoja wa nyaya hizo lazima uweze kuamsha katizo (ishara inayoifanya chipu iache kazi yake na kushughulikia jambo la haraka), kwani bila katizo chipu haitajua kwamba ujumbe umeanza kuingia. Kwa kawaida D+ huungwa kwenye mguu wa INT0, ambao ni mguu wa katizo. Anayetaka kutumia katizo jingine hufafanua rejista zake katika sehemu ya mwisho ya faili. Usanidi hauwezi kufidia makosa ya sakiti: rezista ya kilo-omu 1.5 lazima ivute D− juu, kwa kuwa hiyo ndiyo ishara ya kifaa cha kasi ya chini, na chipu inayotumia volti 5 inahitaji dayodi za zena au njia nyingine ya kushusha volti za nyaya hizo hadi takriban 3.3.

Sehemu ya utambulisho haihusu umeme, ila ina mitego yake. Namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa huandikwa kwa kuanza na baiti ya kulia, kwa hiyo 0x16c0 huonekana katika faili kama 0xc0, 0x16. Jina huandikwa herufi moja moja, na urefu wake huandikwa katika mstari mwingine. Anayerefusha jina akasahau urefu, kompyuta itaelezwa jina fupi kuliko lililoandikwa. Hapa pia hutangazwa umeme ambao kifaa kitaomba, kwa miliampia, na aina ya kifaa. Wengi huchagua aina ya HID, ile ya kibodi na panya, kwa sababu kompyuta huitambua bila kuwekewa draiva nyingine. Lakini uchaguzi huo hudai pia ncha ya mawasiliano ya katizo (njia ambayo kompyuta hukiuliza kifaa mara kwa mara kama kina data), muda wa kuulizwa usiopungua milisekunde 10, na urefu wa maelezo ya ripoti (yanayoeleza muundo wa data ya kifaa) unaolingana na idadi halisi ya baiti zake.

Mistari iliyobaki ni swichi za kuwasha na kuzima uwezo fulani, na kila swichi iliyowashwa hula flashi. Wazo la busara ni kuacha zote zikiwa zimezimwa hadi kuwe na haja. Ukaguzi wa CRC (hesabu ya kugundua data iliyoharibika njiani) wa data inayoingia, kwa mfano, unapatikana tu kwa saa ya megahezi 18. Katika kasi nyingine mapigo ya kuufanya hayapo.

Yako masharti mawili ambayo hayamo katika usbconfig.h, ingawa kifaa kilichosanidiwa vizuri hushindwa yasipotimizwa. La kwanza ni kuita usbPoll, sehemu ya draiva inayoshughulikia ujumbe uliopokewa, ndani ya kitanzi kikuu cha programu angalau kila milisekunde 50. La pili ni kutozuia makatizo kwa zaidi ya mapigo 25 hivi kwenye saa ya megahezi 12, kwa kuwa draiva lazima iwahi kujipanga kabla alama ya mwanzo wa ujumbe haijapita. Kwa hiyo katizo lolote jingine, hata la kipima muda kinachowasha taa tu, linapaswa kuruhusu makatizo tena katika amri zake za mwanzo kabisa, ndipo liendelee na shughuli yake.