Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, uliza maji ya masika hufika wapi

Februari mwaka jana dada mmoja niliyekuwa namsaidia kutafuta nyumba Dar es Salaam alinipigia simu, sauti imejaa haraka. "Kaka, nimepata Kigogo. Chumba na sebule, jiko, choo ndani, na bei naiweza. Dalali anasema kuna mtu anakuja jioni na hela mkononi." Nikamwomba anisubiri nifike.

Nilikuta nyumba safi kweli. Rangi mpya, vigae vinang'aa, geti limepigwa rangi juzijuzi. Lakini soketi za umeme zote zilikuwa usawa wa kifua changu. Mlango wa chumbani, wa mbao, ulikuwa umevimba na kuchanika kwa chini, kimo cha kiganja hivi. Na mlango wa mbele ulijengewa tofali mbili juu ya sakafu, lazima uzivuke ndipo uingie sebuleni.

Nikatoka nje. Jirani alikuwa mama mmoja anakaanga maandazi. "Shikamoo mama. Masika maji hufika huku?" Hakujibu kwa maneno kwanza. Alipangusa unga mikononi, akainuka, akaweka kiganja kwenye ukuta wa nyumba yake, juu kidogo ya kiuno. "Yale ya El Niño yalifika hapa."

Nimesimamia nyumba za kupangisha Dar es Salaam kwa miaka kumi na minne: nakusanya kodi kwa niaba ya wenye nyumba, naita mafundi, naandika mikataba, nasuluhisha ugomvi wa maji na umeme. Katika miaka hiyo nimeona kosa moja likijirudia kuliko yote. Nyumba za mji huu hupangwa bei wakati wa jua. Mpangaji anakuja Januari au Agosti, ardhi imekauka, analipa miezi sita au mwaka mzima, na nyumba halisi anakutana nayo Aprili, hela ikiwa imeshaingia mfukoni kwa mwenye nyumba.

Bonde la Msimbazi ndilo linaloonyesha jambo hili waziwazi. Mto unatoka vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unaingia baharini karibu na Daraja la Salender. Desemba 2011 mvua ilinyesha namna ambayo mji ulikuwa haujaiona kwa zaidi ya miaka hamsini; watu zaidi ya 40 walifariki na serikali ikawapa viwanja Mabwepande waliopoteza makazi mabondeni. Wengi walirudi, na siwalaumu. Kutoka Kigogo unaenda Kariakoo kwa miguu, unafungua genge alfajiri na hulipi nauli. Mabwepande ni mbali na riziki. Sasa mradi wa kuliendeleza bonde lile umelipa fidia na kubomoa nyumba nyingi za Jangwani na Magomeni, na wapangaji wa nyumba zile, ambao fidia ya jengo haiwahusu, wameingia sokoni kutafuta vyumba vya bei ileile karibu na palepale. Vyumba hivyo havipo vya kutosha, ndiyo maana nyumba kama ile ya Kigogo hupakwa rangi Januari na kupata mtu kabla ya Machi.

Mji wenyewe unakua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi lazima walale mahali, na wengi wanalala pembezoni: Mbezi, Kibamba hadi Kibaha kwa barabara ya Morogoro, Bunju upande wa Bagamoyo, Chanika, Mbagala, na Kigamboni tangu daraja lilipofunguliwa 2016. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka huohuo, wenye nyumba wa Kimara walielewa haraka. Nyumba moja ya vyumba vinne iliyokuwa ya familia ikakatwa kuwa masta nne, kila moja na choo chake na mlango wake. Hilo ndilo badiliko kubwa ninaloliona katika kazi yangu: nyumba nzima inapata mpangaji kwa taabu, masta haikai wiki. Kijana anayeanza kazi hataki tena choo cha kuchangia, na yuko tayari kukaa mbali ili asikichangie.

Soko nalo lina misimu yake. Oktoba na Novemba vyuo vinapofungua, Sinza, Changanyikeni, Makongo na Survey huwezi kupata chumba kwa kubembeleza. Ukiweza, tafuta upande huo Julai. Januari ada za shule zinabana kila mtu, vyumba vinakaa, na mwenye nyumba aliyezoea kudai miezi sita anakubali mitatu. Aprili ni mwezi wa watu wachache barabarani, na kwangu huo ndio mwezi bora wa kutafuta. Utalowa na utachafua viatu, lakini nyumba haitakuficha kitu.

Ukilazimika kutafuta kiangazi, soma nyumba kwa alama zake. Soketi zilizopandishwa nimekwisha kuzitaja. Angalia kama choo cha nje kimejengwa juu ya ngazi tatu au nne, na uliza kwa nini. Sogeza kabati au simama nyuma ya mlango, mahali ambapo mchoraji rangi huwa mvivu, utafute mstari wa matope. Tazama ukuta wa uzio wa jirani, maana huo hakuna aliyeupaka rangi kwa ajili yako. Viroba vya mchanga vilivyorundikwa pembeni Februari havikuwekwa kwa mapambo. Kisha muulize mtu asiye na faida katika biashara hiyo: bodaboda wa kijiweni, mama ntilie, mtoto anayecheza nje. Dalali analipwa kodi ya mwezi mmoja siku unaposaini, na hata akiwa mkweli, macho yake yapo kwenye siku hiyo. Kama nyumba iko kando ya mto, kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo. Alama ya X nyekundu ya kubomolewa ikija ukutani, mpangaji hana wa kumdai.

Jambo ambalo watu hawaliulizi kabisa, na linaniuma kila mwaka, ni vyoo. Katika mitaa mingi isiyopimwa hakuna bomba la majitaka, kila nyumba ina shimo lake. Gari la kunyonya ni ghali na pengine njia haipitiki, basi baadhi ya watu husubiri mvua kubwa usiku na kutapisha choo, yaani kuyaachia majitaka ya shimo yaende na maji ya mvua. Maji yale yanashuka kwa jirani wa chini, yanapita mlangoni kwake, watoto wanakanyaga asubuhi wakienda shule. Kipindupindu hakiji kwa bahati mbaya. Ukiwa mpangaji, uliza shimo lilinyonywa lini mara ya mwisho na gari linafika wapi. Ukiwa mwenye nyumba, lipia gari hilo Februari, kabla ya foleni ya masika.

Februari hiyohiyo mpandishe fundi juu ya paa. Siku moja inatosha. Misumari ya bati ina mipira yake. Jua la miezi mitatu linaikausha inapasuka, na tone la kwanza hupita hapo. Anayekanyaga bati akanyage penye misumari tu, maana chini yake ndipo penye mbao. Asafishe gata, hasa kama kuna mwembe au mwarobaini karibu, na akague sehemu mapaa mawili yanapokutana, maana huko majani yanajaa, maji yanarudi nyuma na kuingia darini. Doa la kahawia kwenye gipsam usilipake rangi kabla hujajua maji yanatoka wapi. Nimewahi kupewa bili ya rangi mara tatu kwa doa moja, na tatizo lilikuwa msumari mmoja.

Kuhusu chumvi ukutani, ule unga mweupe unaobabua rangi kuanzia chini: huo ni unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia maji, au mchanga uliotumika ulikuwa na chumvi. Mafundi wengi watakwambia wapige puti na rangi nyingine. Itakaa miezi miwili. Dawa ni kubandua plasta mpaka tofali lionekane, hadi kimo cha mita moja au zaidi kidogo ya mwisho wa unyevu, uache ukuta ukauke wiki kadhaa, ndipo upige plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Kazi hiyo haifanyiki Aprili. Ifanye Agosti na Septemba, kipupwe kikimalizika na vuli bado. Rangi nayo vivyo hivyo: ukuta uliofungiwa unyevu ndani yake utatoa malengelenge tu.

Kiangazi kina madhara yake ya polepole. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo wa kaskazi unavuma kutoka kaskazini mashariki. Baada ya hapo kusi inashika hadi Oktoba hivi. Nyumba za zamani za pwani zilijua hili. Nyingi tunazojenga leo zina dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo likifunguliwa lote linaacha nusu tu wazi, na mbele yake hatua mbili uko uzio mrefu. Upepo hauna pa kupita. Unapokwenda kuona nyumba, nenda saa tisa alasiri, simama katika chumba cha kulala dakika tano na milango wazi. Ukitokwa na jasho hapo, usiku wa Januari hutalala bila feni, na feni ni uniti. Hili lina uzito zaidi kama mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, mnachangia, kwa sababu ile bei nafuu ya matumizi madogo ni ya mita isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na nyumba nne kwenye mita moja zinaupita mpaka huo mapema. Mwenye nyumba anaweza kupunguza joto kwa gharama ndogo: matundu yenye wavu chini ya kingo za paa ili hewa ya darini itoke, na mti upande wa magharibi.

Maji ya kunywa na kuoga nayo yana msimu. Mji unategemea sana Mto Ruvu, na Oktoba 2022 mto uliposhuka tuliingia kwenye mgao. Familia ya watu watano inayotumia lita 300 kwa siku inamaliza tenki la lita 1,000 ndani ya siku tatu na kidogo. Uliza ukubwa wa tenki kabla ya kuuliza rangi ya vigae, na hakikisha lina mfuniko, kwa sababu mbu wa dengi huzaliana katika maji safi yaliyosimama na huuma mchana. Tulipata milipuko hapa mjini 2014 na 2019, na mbu hao huzaliana pia kwenye ndoo na matairi yasiyofunikwa.

Yote haya yaandikwe. Mkataba wa ukurasa mmoja, mashahidi wawili, nakala kwa kila upande, na ikiwezekana mhuri wa serikali ya mtaa. Andika nani anatengeneza paa na ndani ya siku ngapi, nani analipia gari la kunyonya choo, na kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021 itarudishwaje, kwa sababu hiyo ni kodi ya mwenye nyumba hata kama anayenunua umeme ni wewe.

Yule dada hakuchukua nyumba ya Kigogo. Alikasirika kidogo, nilimwona, maana alikuwa ametafuta wiki tatu na miguu ilimuuma. Mwishoni mwa mwezi tulimpatia masta Kimara, juu mlimani, ndogo kuliko aliyoitaka, na nauli ikaongezeka. Aprili, usiku wa mvua kubwa, akanitumia picha ya dari: doa jipya, ukubwa wa sahani. Nikamwuliza mkataba unasemaje. "Siku saba," akaandika. Fundi alipanda siku ya nne, mvua ilipopumzika.