Je, Wajua Kwa Nini Huwezi Kuiishi Imani ya Kikristo Peke Yako?

Mtu anaweza kusali chumbani mwake, akasoma Biblia kabla ya kulala na kusikiliza mahubiri kwa simu bila kuonana na muumini mwingine hata mmoja. Kwa nini basi makanisa, pamoja na tofauti zao nyingi, husisitiza kwamba kila Mkristo awe na usharika, parokia au jumuiya anayoijua na inayomjua? Wengi hujibu kwa Waebrania 10:25, andiko linalowaonya waumini wasiache kukusanyika pamoja. Hilo ni agizo. Sababu yake inaonekana vizuri zaidi katika maagizo mengine, na katika maisha ya Wakristo wa mwanzo.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa lugha yake inalionyesha jambo lenyewe katika vitenzi. Yesu anawaambia wanafunzi wake wapendane. Paulo anawataka Wagalatia wachukuliane mizigo na Waefeso wasameheane, naye Yakobo anahimiza waumini kuombeana. Kiambishi hicho cha *-ana* hakimwachi mtu mmoja atende peke yake: hakuna awezaye kusameheana akiwa pekee, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Sehemu kubwa ya utii wa Kikristo, kwa hiyo, inahitaji mtu mwingine aliye karibu kiasi cha kukukosea, na wewe kumkosea.

Hata neno *kanisa*, lililotufikia kupitia Kiarabu kutoka Kiaramu, asili yake ni kusanyiko la watu. Jengo lilikuja baadaye. Paulo aliwasalimu Prisila na Akila pamoja na kanisa lililokuwa nyumbani mwao, na huko Dura-Europos, nchini Syria, wanaakiolojia walifukua nyumba ya kawaida iliyogeuzwa mahali pa ibada karibu mwaka 240, ambamo ukuta kati ya vyumba viwili ulikuwa umebomolewa ili kupata ukumbi wa kutosha watu makumi kadhaa tu. Katika ukumbi wa namna hiyo, mtu asipofika, nafasi yake inaonekana.

Ukaribu huo haukuwafanya watu kuwa wakamilifu, na Maandiko hayafichi. Kitabu cha Matendo, sura ya 6, kinasimulia kwamba wajane waliozungumza Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku huko Yerusalemu, kukawa na manung'uniko. Mitume hawakuwanyamazisha walalamikaji. Waliwaambia waumini wachague watu saba wa kusimamia huduma hiyo, na majina ya wote saba, kuanzia Stefano, ni ya Kiyunani. Kwangu mimi, hapa ndipo thamani ya jumuiya ya mahali inapojitokeza wazi kabisa, kwa sababu njaa ya wajane wale ilijulikana kwa kuwa kulikuwa na watu waliowafahamu na kuwasemea.

Karne moja hivi baadaye, karibu mwaka 155, Yustino Mfiadini, mwalimu Mkristo aliyeishi Roma, alimwandikia kaisari Antoninus Pius akimweleza Wakristo hufanya nini siku ya Jumapili. Walisoma maandiko, wakasikiliza mawaidha, wakasali kwa pamoja na kushiriki mkate na divai. Kisha mashemasi wakawapelekea sehemu yao wale ambao hawakuwapo. Wenye uwezo walitoa kwa hiari, na michango ikawekwa kwa kiongozi wa ibada ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tumtazame huyo shemasi anayetoka na mkate mkononi: hawezi kumpelekea asiyekuwapo bila kujua ni nani aliyezoea kuwapo, anaishi wapi na kimempata nini. Huduma yake huanza kwa kumfahamu mtu.

Katika karne ya 4, Wakristo wengi wenye bidii walikwenda jangwani kumtafuta Mungu katika upweke. Basili wa Kaisaria, mji ulio katika Uturuki ya leo, alikuwa amewatembelea watawa wa Misri na kuwastahi; hata hivyo aliyapendelea maisha ya pamoja, na katika kanuni zake za utawa aliuliza: aishiye peke yake atamwosha nani miguu? Alikuwa akilirejea agizo la Yesu katika Yohana 13, kwamba wanafunzi watawadhane miguu, ambalo nalo lina *-ana* yake. Baada ya Basili kuwa askofu mwaka 370, nje ya mji wa Kaisaria yalijengwa makao ya maskini, wageni na wagonjwa, wakiwamo wenye ukoma waliokuwa wakifukuzwa na jamaa zao wenyewe. Rafiki yake, Gregori wa Nazianzo, alisimulia katika hotuba ya kumkumbuka kwamba Basili aliwasalimu wagonjwa hao kwa busu, kama ndugu.