Daenerys Hakugeuka Ghafla

Watazamaji wengi wa tamthilia hapa Dar es Salaam wangali wanaamini kwamba Daenerys, malkia mwenye majoka katika tamthilia ya Game of Thrones, aligeuzwa katili ghafla, ili tu hadithi ipate mwisho. Sivyo. Katika msimu wa 4 aliamuru mabwana 163 wa mji wa Meereen, waliomiliki watumwa, wasulubiwe, nasi tukamshangilia, kwa kuwa nao walikuwa wamewasulubisha watoto wa watumwa. Katika msimu wa 7 aliwateketeza kwa moto wa joka Randyll Tarly na mwanawe, mateka waliokataa kumpigia magoti. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni muda: misimu 6 ya mwanzo ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja, ilhali ule wa mwisho, wa mwaka 2019, ulipewa 6 tu, na majonzi yaliyomfikisha kuuchoma mji mkuu, King's Landing, yakapitishwa mbiombio.